Mama Amelikataa Jeupe

Ndiyo, Dada, umesikia sawasawa: gari ni la njano. Tena si njano ya aibu aibu, ni ile ya kiini cha yai. Jeupe ulilolichagua wewe limebaki dukani, halijambo, linakusalimu. Lakini kabla hujaanza kelele pokea salamu zangu kwanza, maana hata mtu anayekwenda kugombezwa huamkia. Shikamoo, dada yangu. Natumaini u mzima, na wagonjwa wako hawajakumaliza mgongo. Sisi huku wazima. Mama mzima kupita kiasi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenikatiza, nakujua.

Ulivyosema ni hivi: tununue gari jipya, jeupe, maana yale ya mitumba ninayouza mimi yanakohoa. Mimi niwe dereva, Mama akae kiti cha nyuma kama waziri, nimpeleke kwenye mazoezi ya mguu, na siku nyingine nibebe abiria. Dada, nilifurahi sana. Nilishaanza kuzungusha usukani wa hewa mbele ya kioo.

Sasa, unajua ninavyokula. Nanunua vya watu, nauza kwa watu: friji, makochi, pikipiki, hata magari. Na ujuzi wangu wote ni kutoa kasoro. Nagonga, nanusa, naguna, nauliza kama friji limewahi kulazwa. Mwenye mali anaona haya, bei inashuka. Basi nikaingia pale duka la magari nikalizunguka lile jeupe, nikapiga magoti, nikanusa tairi. Hakuna kitu! Muuzaji, jamaa mmoja mwenye tai ndefu inayotangulia kufika kabla yake, akaniuliza kama nimeangusha kitu. Maisha yangu yote sijawahi kukutana na bidhaa isiyo na dhambi. Nikakosa pa kushika.

Bahati nilikuwa na Mama, na tangu mlangoni nilishamfundisha. Nilimwambia, wakikuonyesha chochote, wewe nuna. Usisifie, usicheke, ukipenda kitu tazama dari. Akakubali upesi mno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Mama akanuna, Dada! Akalitazama jeupe kama mkwe aliyekuja kuposa na kandambili. Akachungulia chini ya usukani, akahesabu pedali kwa kidole, akasonya, akasema gari gani hili lina miguu mingi kama jongoo. Bwana Tai akacheka, akapunguza bei kidogo. Akafungua buti kuonyesha nafasi, Mama akamwambia yeye si mzigo. Bwana Tai akapunguza tena. Akatuongezea mazulia ya bure, Mama akasema mazulia anayo nyumbani. Mimi nimesimama pembeni, machozi ya fahari yananilenga. Nikawaza, huyu mama amepoteza miaka yake kwenye cherehani bure, alizaliwa dalali.

Tukafika bei tamu sana. Nikanyoosha mkono tumalize. Mama akasema halitaki. Nikamkonyeza, yaani basi, tumeshinda, acha. Akarudia kwamba halitaki. Nikamkanyaga kidogo ule mguu mzima. Akaniuliza kwa sauti ya duka zima namkanyagia nini, kwani masikio yangu yamekaa kushikilia kofia tu? Amesema halitaki. Na Bwana Tai, maskini, akapunguza tena! Jasho linamtoka. Alidhani ni mchezo, kama nilivyodhani mimi.

Mama akachukua fimbo yake, akatuacha na mikono yetu hewani. Akaenda mpaka kona ya mwisho, karibu na mlango wa choo, ambako lile la njano lilikuwa limesimama. Nikamkimbilia kumfungulia mlango wa nyuma, kama ulivyoagiza. Akanipita. Nikafungua wa mbele, wa abiria. Akanipita tena. Akazunguka akafungua upande wa usukani, akaketi, akasogeza kiti, akanyoosha kioo. Nikacheka, nikamwambia Mama, huko ni kwa dereva. Akasema anajua, akafunga mlango.

Hapo Bwana Tai akafufuka. Akasema hilo ni otomatiki, bei yake iko juu, tena limeingia juzi tu na wateja wanaligombania. Nikaona sasa angalau lina kasoro, nikaanza kazi yangu: rangi inapiga kelele. Mama akajibu dirishani kwamba ndiyo vizuri, litaonekana kwa mbali. Nikasema ni dogo. Akasema litapita popote. Nikawa nabishana bei na mama yangu mzazi, Bwana Tai kakunja mikono anasubiri nishindwe.

Vicheko vya watu vikamtoa meneja ofisini, mama mmoja wa miwani. Mama akatoa kichwa dirishani, akamwamkia vizuri, akamwambia gari hili halikuja juzi. Yeye alianza kuliona likiwa mbele pale kwenye vioo. Baadaye likarudishwa katikati. Mwisho wakalitupa huku chooni. Kila alipopita hapo nje, kwenye taa za barabarani, mwalimu wake akimfokea atazame taa, yeye akitazama gari. Meneja akauliza mwalimu wa nini. Mama akasema, wa udereva.

Dada, kaa chini. Mazoezi ya mguu yaliisha zamani. Mama alikuwa anakwenda shule ya udereva. Leseni anayo, aliitoa kwenye mkoba imefungwa kwa kitambaa, na kwenye picha amenuna kweli kweli. Mguu mbovu ni wa kushoto, na otomatiki inataka wa kulia peke yake. Wa kulia ndio ule uliokanyaga cherehani mpaka sisi tukawa watu. Kwa hiyo jeupe, lenye klachi ya kukanyagwa kwa kushoto, hakulikataa kwa mchezo. Lisingemfaa.

Meneja akamtazama Bwana Tai, Bwana Tai akaitazama tai. Bei ikashuka ikaingia ndani ya pesa uliyotuma, na ya bima ikabaki. Meneja alisema hakupunguza kwa huruma. Alisema haoni aibu kushindwa na mteja anayelijua gari kuliko anayeliuza.

Tuliporudi nyumbani, yeye anaendesha, mimi nimejifunga mkanda mpaka kitovu kinauma, nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema ungemkatalia kwa upendo, na kukataliwa kwa namna hiyo hajui akujibu vipi. Akasema tangu augue mguu, kila mtu anamuuliza apelekwe wapi, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi.  

Sikufichi, iliniuma. Udereva wangu umekufa kabla sijapata hata abiria mmoja. Lakini ungemwona! Anakanyaga breki taratibu kama anamalizia upindo. Indiketa anawasha mapema mpaka wa nyuma wanadhani imeharibika. Jana amekwenda sokoni, akampitia shoga yake, halafu wakazunguka mtaa bila sababu yoyote. Amerudi anaimba.

Mama anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia. Nisalimie shemeji na hao wapwa zangu, waambie mjomba anawakumbuka.

Sasa tuje kwenye biashara. Najua ukimaliza kusoma utataka kumpigia simu umwambie ufunguo nikae nao mimi. Usimpigie. Mwache nao mpaka uje likizo. Siku hiyo yeye ndiye aje kukupokea, wewe ukae mbele, mimi nyuma na masanduku yako. Akikutisha hata mara moja, ufunguo nitauchukua mwenyewe kwa mkono wangu, lawama zote anipe mimi. Asipokutisha, humwambii neno. Utakuwa ukiomba lifti kama sisi wengine, na mafuta utaweka wewe. Tumeelewana? Hapo sipunguzi.

Mdogo wako,
Chapchap