Kilo Moja ya Mfuko wa Majani Chai

Doha, Jumatano

Kwako Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba goti limekuruhusu kushuka shambani bila fimbo. Na Baba, bado anabishana na daktari juu ya chumvi? Mimi ni mzima wa mwili, lakini naogopa, Mama. Nimeandika kwa Kiswahili badala ya Kiembu chetu kwa sababu nataka ukimaliza kuisoma uibebe hadi Mitunguu, wazazi wa mke wangu Kawira nao waisome.

Jumatatu asubuhi mkubwa wetu wa kazi alitaka kila mgeni aonyeshe programu aliyowahi kuandika kwao. Nikafungua ile ya zahanati, ambayo Sista Kaari hupimia watoto. Unaikumbuka: dirisha moja dogo katikati ya kompyuta, visanduku vya jina, umri na uzito, na chini kitufe cha Sawa. Mizani yao kioo cha namba kilikufa zamani, kwa hiyo uzito hupita kwenye waya ukajiandika wenyewe, kisha karatasi inatoka na kilo za mtoto na kipimo cha dawa. Ninyi mnaona dirisha tu. Nyuma yake kuna faili nilizoandika mimi: moja inapanga visanduku, moja ina picha, moja inafanya hesabu, na nyingine ni ya maelezo, inayosema kila faili ni ya kazi gani.

Nilianza na ya maelezo. Mstari wa kwanza ulisema: Programu ya kupima majani chai.

Nikacheka. Nilikumbuka kwamba programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kituo chetu cha majani chai, na zahanati walipoomba yao, nilinakili folda nzima. "Jina la mkulima" nikaligeuza "Jina la mtoto". Picha ya jani nikaitoa nikaweka ya moyo. Faili ya hesabu sikuisoma hadi mwisho, kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi vizuri. Safari hii niliisoma, na kicheko kikaniishia. Kuna mstari unaosema: toa kilo moja ya mfuko.

Ni ile kilo, Mama. Ile uliyogombania na karani wa majani chai miaka yote, ukimwambia mfuko mtupu haufiki kilo hata ukilowa mvua. Mimi mwanao nimemkata kilo hiyo kila mtoto aliyelazwa juu ya mizani ya Sista Kaari tangu mwaka jana.

Nilimpigia simu hapo hapo, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi. Kwanza hakunielewa.

"Njeru, wacha kunishtua. Unasema kilo inaenda wapi?"

"Haiendi popote, Sista. Programu inaitoa."

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na dawa? Si hiyo dawa nimekuwa nikipima na hiyo karatasi?"

Nikamwambia ndiyo hiyo. Mtoto wa kilo kumi labda asingeumia sana. Lakini mtoto mchanga wa kilo nne amehesabiwa kuwa wa tatu, na dawa yake ikapunguzwa vivyo hivyo. Sista ameizima kompyuta, ameazima mizani nyingine, na anawaita akina mama wote warudi. Wengi wamefika, na mpaka leo hajapata aliyezidiwa. Ambaye hajafika ni mjukuu wako Igoki, mwenye jina lako.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Ulipoona karatasi zikimwandika Igoki chini ya kilo za umri wake, uliniambia, "Huyu msichana wa Mitunguu hana maziwa. Mtu wa joto la ndizi hajui kulea mtoto wa baridi." Nami nikakuamini. Nilimpigia Kawira nikamuuliza anakula nini huko, mbona mtoto anaisha na yeye yupo tu. Akanijibu, "Kuja umbebe mwenyewe ndio ujue vile ni mzito." Nikamwambia kompyuta haidanganyi, niliiandika mimi. Nilimwambia hivyo, Mama, kwa kiburi kabisa. Ulipoyarudia maneno yako mbele ya wageni, alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwao. Simwoni kuwa na kosa lolote.

Kabla hajaondoka Igoki alikuwa ameugua kifua, akapewa dawa kwa karatasi ile ile. Jana nilimtuma kaka Nyaga Mitunguu awaambie wazazi wa Kawira wampeleke mtoto hospitali upesi. Walidhani ni ujanja wa kumrudisha Kawira. Wakamwambia langoni kwamba anayetakiwa pale ni aliyesema maneno, si mjumbe wake. Simu yangu hawapokei. Nyaga anasema alimsikia mtoto akikohoa ndani ya nyumba. Kikohozi hicho nakisikia hata nikiwa kazini.

Nyaga ameniambia pia kwamba umekataa kwenda, kwamba huwezi kuomba msamaha kwa kusema ukweli. Haukuwa ukweli, Mama. Ulikuwa mstari wangu mmoja. Wewe ulidanganywa na karatasi, na karatasi ilidanganywa na mimi. Tafadhali nenda. Sema mbele ya wazazi wake kwamba maziwa ya Kawira hayakupungua hata siku moja. Wakifungua lango, kifua cha Igoki kionwe na daktari siku hiyo hiyo, hata kabla ya chai.

Barua anakuletea Mugendi wa Runyenjes, fundi wa umeme ninayeishi naye. Anaruka kesho, na ameahidi kupita kwako kabla ya kwao. Msalimie Baba, na kaka Nyaga, umwambie asante kwa safari ya lango. Msalimie shangazi Muthoni wa dukani na mzee wa kanisa letu, aniombee. Kawira usimpe salamu zangu. Mpe barua yenyewe.

Na huko hospitali, Igoki akiwekwa kwenye mizani, simama karibu kama ulivyokuwa ukisimama kwa karani, na usikubali akatwe kitu.

Ni mimi mwanao,
Njeru