Simu ya Saa Sita

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo, ila goti langu. Unalalamika ukinipigia saa sita mchana simu inatumika. Ni kompyuta ya marehemu kaka yako. Aliiandikia maagizo ya kuingia mtandaoni, basi kila siku saa hiyo modemu, kile kidude kinachoiunganisha na laini ya simu, hupiga simu chenyewe, kikilia kama paka aliyebanwa mkia.

Jana fundi alikuja kuing'oa. "Mama, zee hili linakuzibia laini bure."

"Ngoja kwanza ulione, baba."

Saa sita ikafika. Modemu ikalia, ikanyamaza. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno ambayo kaka yako aliyaweka ili mimi, nisiyesoma sana, nijue imeunganika: "Mama, nimefika."

Fundi akafunga mkoba wake.

Wewe nipigie asubuhi. Saa sita mwachie kaka yako.

Mimi mama yenu