Sala ya chakula kwa mchomeleaji

Mwenzangu, nakuandikia haraka haraka, nivumilie nikikosea herufi.

Unamjua mdogo wangu, fundi cherehani, yule ambaye kanisani akiambiwa aongoze maombi anakimbilia chooni. Leo kaingia kwa jirani yetu mchomeleaji, aliyekuwa akimpiga mkewe. Kaingia peke yake, futi ya kupimia bado iko shingoni.

Mke yuko chini ya meza, damu zinamtoka puani. Mume kashika nondo. Akamwambia, "Wewe mlokole, toka, au usali sala yako ya mwisho."

Mdogo wangu akafumba macho akasali. Nakwambia alisali.

Ila kwa hofu maneno yote yalimruka, ikabaki ile sala anayoijua tangu utotoni. "Ee Bwana, ubariki chakula hiki na mikono iliyokiandaa."

Chakula. Na chakula chenyewe kimetapakaa ukutani, sufuria imepondeka.

Nondo ikamshukia begani, nikasikia mfupa ukialika. Hakufumbua macho. Akamalizia, "Na uwape wasio nacho."

Chini ya meza yule mke akaitikia, "Amina." Akatoka kwa magoti, akamshika mdogo wangu ule mkono mzima, wakapita mlangoni wote wawili. Mume kaduwaa na nondo yake, kama kasahau alikuwa anafanya nini.

Sasa wako hospitali.

Usiniulize mimi nilikuwa wapi. Kiongozi wa maombi miaka tisa, nilikuwa nje ya mlango, naona yote, nimemshikia ndala alizovua akiingia.

Mpaka sasa ninazo.