Mistari Miwili Uliyochora Kwenye Theluji

Mpwa wangu Mwende,

Simu zangu hupokei tangu bosi wetu akupeleke Jeddah kufanya kazi kwa dada yake, mtaa wa Aziziya, na sababu naijua. Ndiyo maana nakuandikia hapa kwenye kundi letu la watu wa nyumbani, wasome wote walionisikia pale Batha, mtaa wetu wa kukutania hapa Riyadh, nikijigamba kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kuteleza kwenye theluji.

Unaikumbuka safari ya Dubai? Niliwaendesha kutoka Riyadh bila kupepesa jicho, na hilo usinibishie. Njiani bosi akauliza nani anajua theluji, maana tulikuwa tunaenda kwenye ukumbi wa kuteleza, na binti yake Lina, uliyekuwa unamlea, alikataa kuingia bila wewe. Nikajibu, "Mimi, baba! Nimezaliwa chini ya Mlima Kenya. Theluji tulikuwa tunaipikia chai." Ukanitazama kwenye kioo. Ulijua mlima ule niliuona mara moja tu, nikiwa utingo juu ya magunia ya viazi.

Tukaingia. Mwende, Mungu ni mkubwa! Nje jua linakaanga lami, ndani mlima mzima mweupe chini ya paa, mashine imeulainisha hadi umekaa kama shamba lililopitishwa haro ya trekta.

"Yalla, haya dereva, mchagulie skii," bosi akasema. Nikakubebea skii ndefu kuliko zote, zile mbao zikakupita kichwa. Nilidhani mtu mzima akipewa fupi amedharauliwa.

Kocha Mfilipino akacheka. "Hizo za mashindano. Huyu apewe za kufika kidevuni."

"Utaonekana mtoto," nikakunong'oneza.

"Afadhali nionekane mtoto, Anko, kuliko nibebwe kama mzee."

Mimi niliteremka kwa makalio. Wewe mwanzoni ulikuwa unaburuza visigino, theluji inaparuzika pembeni. Kocha akakwambia, "Usisukume. Laza magoti upande, egemea mguu wa nje, acha ukingo wa chuma wa skii ukate wenyewe." Ukapanda tena. Ukapanda tena. Kisha nikakuona unashuka, umeinama kama ndege anayekata kona, bila kelele, na nyuma yako mistari miwili myembamba kama imepigwa kwa rula. Lina akaifuata anacheka. Nimeona mengi, mengine nimeyatunga, lakini lile sikulitunga.

Bosi akanipiga bega. "Dereva, umemfundisha vizuri."

Nikasema, "Shukran, baba."

Ulikuwa umesimama pale pale. Ukavua buti. Kwenye gari ukaniambia polepole, "Anko, tangu nije nchi hii, kile ndicho kitu kimoja kilichokuwa changu." Na mimi, badala ya kukirudisha, nikakipeleka Batha nikakiongezea chumvi. Nikasema nilikushika mkono. Nikasema ulilia.

Ndugu mnaosoma: hakulia. Sikumshika mkono. Alijifunza mwenyewe, na kocha wake, asubuhi moja.

Jana nilimpigia mama yako nikamweleza ukweli. Akauliza, "Sasa alikuwa anashukaje?" Nikaanza kumweleza, nikashindwa. Mimi huyu, nikakosa maneno. Nikamwambia asubiri, wewe mwenyewe utampigia.

Mpigie, Mwende. Anakaa na simu mkononi. Msimulie yote, hata yale ya kwangu usiyafiche.

Mungu akutunze huko,

Ndugu wa mama yako, Riyadh