Hewa Nzito Imeanza Kuondoka

Wagenia, Kisangani
11 Februari 1957

Mupendwa kaka yangu mukubwa, yaya Zéphirin,

Jambo sana. Afya yako iko namna gani huko Bukavu, na kifua chako na baridi ile ya ziwa? Maman anauliza kama unavaa ile tricot ya sufu aliyokutumia. Sisi tunapumua, ijapokuwa macho yanawasha kwa vumbi.

Yaya, tangu Noeli hatujaona mvua. Midomo inapasuka, na muto umeshuka mpaka mawe tuliyoyasahau yamejitokeza. Bwana yangu Anselme, anayepima hali ya hewa pale uwanja wa ndege wa Simi-Simi, alinifasiria. Kuna hewa nzito, haute pression, imelala kaskazini juu ya jangwa. Inashuka kutoka juu, inazuia mawingu yasipande, halafu inatusukumia upepo wake mukavu.

Lakini haikai mahali pamoja. Juma hili imeanza kujivuta kwenda mashariki, na mushale wa kipimo chake cha hewa unashuka kila asubuhi. Ikiondoka, hewa ya maji kutoka musituni itaingia kwa nguvu juu ya udongo huu wa moto. Anselme alisema: "Mbingu safi hivi ndiyo ninayoiogopa. Tornade, zoruba ile ya upepo na mvua, ikija, haitapiga hodi."

Sasa sikia. Uliagiza mudogo wetu Hubert asimamishe miti ya mitego ya samaki kwenye jiwe la marehemu papa yetu kabla maji hayajapanda, maana jiwe lisilo na miti mwaka huu, Tonton Désiré, mujomba anayegawa mawe, atawapa watu wa nyumba ingine. Hubert akashika neno lako kama sala. Kutwa nzima alikuwa juu ya miti, katikati ya maporomoko, anafunga kamba. Nilimwonya, akacheka, eti mbingu iko safi, na yaya hajasema aache. Wanasema asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Huyu wetu angevunjika kwa kusikia.

Barua ya kukuomba umwambie ashuke ingekufikia imechelewa. Bon, nimesema uongo, yaya. Jana nilimwambia kuna mutu ametoka Bukavu kwa ndege na neno lako: "Hubert, shuka. Acha jiwe."

Alishuka. Tangu hapo hanisemeshi. Ukiulizwa, nakusihi usinikane, sema neno lilitoka kwako.

Leo asubuhi Tonton ametia vijana wake kwenye jiwe letu, juu ya miti ile ile ya Hubert. Nilikwenda kuwaonya nao. Walisema mwanamuke anayelilia jiwe lake hakosi maneno.

Ninapoandika, upepo umekufa kabisa. Wingu hakuna. Mvua isipokuja, nimetupa jiwe la papa bure, na Hubert hatanisamehe. Nimepiga magoti niombe ije, nikasikia vijana wa Tonton wanaimba kule juu ya miti. Sala ikanishinda.

Maman anakusalimia, Anselme pia, na mutoto wetu Colette ambaye sasa anatembea. Mungu akulinde na akupe pumzi nzuri. Tuombee wewe uliye mbali, yaya, maana mimi sijui tena niombe nini.

Mudogo wako asiyekusahau,
Marceline