Ndoo ya Pili

Shikamoo, Mwalimu.

Nimeandika shikamoo kisha nimekaa kidogo, kana kwamba bado unaweza kuniitikia. Ulikuwa na tabia ya kuchelewesha marahaba mpaka umtazame mtu usoni ujue ameamkaje. Leo ningeomba usinitazame kwanza. Nisikilize tu.

Ni Jumamosi asubuhi na mezani nina karatasi mbili. Moja ni hii. Nyingine ni barua ya kujieleza, ambayo Mwalimu Mkuu anaitaka Jumatatu kabla ya saa nne, nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Ile nimeandika tarehe na neno Yahusu, basi, kalamu ikagoma. Nikasema nianze kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha darasa la nne, ukanipokea tena nilipotoka chuoni, ukanipa nusu ya meza yako ofisini na ndoo zako mbili. Kama kuna mtu wa kujieleza kwake, ni wewe.

Tangu tukuzike ni miezi saba. Ilikuwa mwezi wa tatu, watu wakitengeneza matuta, na wengi walikuja makaburini Izia na majembe begani, udongo na nyasi zikiwa bado zimewaganda miguuni. Ungewagombeza kwa kuchafua uwanja wa watu. Msalaba wako umepakwa rangi, na mwanao amepanda maua ambayo mbuzi wa jirani wameyamaliza. Shuleni umeme umefika, ila darasa la tano bado halina taa. Mtaala umebadilika. Lile somo letu la uraia limepewa jina jingine na vitabu vipya, na tunafundisha tukiwa na vishikwambi mkononi. Wewe uliyekuwa unaogopa hata kupokea simu ya picha, sijui ungekishika vipi. Labda kwa kitambaa, kama sufuria ya moto.

Watoto nao wamebadilika, Mwalimu. Wanauliza maswali ambayo sisi hatukuyajua. Mwezi wa nane Oresta wa darasa la sita alinyoosha mkono akasema kaka yake ana video kwenye simu, mkubwa mmoja anatamka maneno ya ajabu, na watu wengine wanasema hakuyatamka, ni mashine imemtengenezea mdomo. "Sasa Mwalimu, sisi tutajuaje?" Darasa zima likanigeukia. Kitabu hakina jibu hilo. Kishikwambi changu kilikuwa kimeishiwa chaji. Nikakumbuka ndoo zako.

Nikawakumbusha jinsi tunavyochagua viranja. Kila mtoto anakuja na punje moja ya hindi na moja ya haragwe kutoka kwao. Mgombea mmoja ni mahindi, mwingine ni maharage. Unaingia nyuma ya khanga iliyotundikwa, unadondosha kura yako kwenye ndoo ya kwanza, na ile punje iliyobaki unaitia kwenye ndoo ya pili. Nikawaambia, mtu anaweza kuchezea ndoo moja. Lakini akisahau ya pili, itamuumbua, kwa sababu kilichoshinda kwenye ya kwanza lazima kiwe kichache kwenye ya pili. Basi mkiletewa jambo, iwe kwenye simu, iwe sokoni, iwe na mtu mwenye tai, ulizeni ndoo ya pili iko wapi. Walipenda sana. Nilitoka darasani nimevimba kichwa.

Hukutufundisha uraia kwa kukariri, ulitulisha. Mimi ndoo zile nilizijua nikiwa na miaka kumi na mbili, siku niliyoshindwa na yule mtoto wa kwa fundi cherehani. Nililia nyuma ya choo. Wewe ukamwaga ndoo zote mbili kwenye sufuria moja, kura na mabaki, ukapika makande, ukaja kunitoa kule na mabuti yako makubwa. "Njoo ule, mama. Aliyekushinda anakula hapohapo." Ukaniketisha ubavuni mwake. Makande yalikuwa na chumvi nyingi, sijasahau, na yule mtoto alinisogezea upande wenye maharage.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Darasa la saba wamemaliza mtihani, kwa hiyo mwezi huu tumechagua kiranja mkuu mpya. Wagombea walikuwa wawili. Maharage alikuwa Oresta huyohuyo, ambaye baba yake ni mjumbe wa kamati ya shule. Mahindi alikuwa Kabula. Unamkumbuka Kabula. Ndiye uliyemfuata mwenyewe kule bondeni kwa wafugaji, akiwa na miaka minane anachunga ndama, ukakaa na baba yake siku nzima mpaka akakubali kumleta shule. Alikuja hajui Kiswahili cha kuombea maji. Leo ndiye anayewasomea wenzake taarifa ya habari mstarini, na akitamka neno la Kifipa, lugha ya hapa kwetu, wenzake wanacheka, naye anacheka nao, kisha analitamka tena mpaka limkae.

Siku ya uchaguzi upepo ulikuwa mkali, vumbi limejaa uwanjani. Mwalimu Mkuu akasema kura zihesabiwe ofisini. Wewe hukuwahi kuhesabu ndani, hata siku ya mvua tulihesabia barazani kwa sauti, watoto wakiitikia. Nilipaswa kukataa palepale. Nikabeba ndoo ya kwanza nikaingia nayo.

Mahindi yalishinda, Mwalimu. Yalishinda kwa punje kumi na tisa. Nilihesabu mara mbili.

Mwalimu Mkuu si mtu mbaya, nawe ulimjua. Ni mtu anayetaka siku iishe bila maneno. Mwaka jana ng'ombe wa watu wa bondeni waliingia kwenye mahindi ya shule, na baadhi ya wazazi hawajasamehe. Kwenye kikao mmoja alishasema hawa wamekuja juzi na mifugo yao, leo mnataka kuwapa na watoto wetu wawaongoze? Mwalimu Mkuu akaniambia, "Felista, tupunguze moto. Wote ni watoto. Mtaje Oresta, huyu mwingine tutampa usafi." Halafu, akitazama dirishani, akasema kule ziwani, kijiji cha Wampembe, wanalia hawana walimu, na wilaya inaweza kuomba mtu wakati wowote. Mimi nina mama anayekwenda kliniki kila wiki, na watoto wawili.

Nikatoka nje nikamtaja Oresta.

Sikubishana, Mwalimu. Ningependa kukuandikia kwamba nilibishana, hata neno moja. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nimechoka, na nilijiambia ni ukiranja tu, ni kugonga kengele na kuhesabu mafagio. Watoto wakapiga makofi. Kabula alipiga makofi kuliko wote, akamkumbatia mwenzake. Hapo ndipo nilipohisi aibu. Nikajificha kwenye kusahihisha madaftari.

Na kwa haraka ya kujificha, ndoo ya pili niliiacha pale nyuma ya khanga.

Kupeleka mabaki jikoni ni kazi ya mshindi. Wewe ndiye uliyeiweka desturi hiyo, ili mshindi aanze kwa kubeba. Oresta akaenda kuichukua. Hakuipeleka jikoni. Baada ya nusu saa alikuja ofisini peke yake, ndoo amebeba kichwani, akaishusha miguuni pangu. Mwalimu Mkuu alikuwa ametoka. Mtoto alisimama wima.

"Mwalimu, humu maharage ndiyo mengi. Kama mimi nilishinda, yamebakije?"

Nikamwambia labda watoto wadogo walichanganya. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Nilimdanganya mara ya pili, uso kwa uso. Akainama, akachota maharage kiganjani, akayatazama. "Nimeyahesabu na mahindi pia. Yamezidi kumi na tisa. Wote hawawezi kukosea upande mmoja." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba atanipiga, lakini mimi sitaki beji ya Kabula."

Wengine huuliza shule inawafundisha nini watoto siku hizi, wakati dunia inakimbia na wao wanakimbia nayo. Mimi mwenyewe nimeuliza hivyo kwenye semina, nikaandika kwenye chati kwa kalamu nene. Sikujua kwamba jibu litaniletea ndoo miguuni, na kwamba atakayekamatwa ni mimi. Nililia mbele ya mwanafunzi. Nisamehe, ulisema mwalimu asilie mbele ya darasa. Lakini hakuwa darasa, alikuwa mmoja, naye alinipa kitambaa chake cha kufutia ubao.

Kesho yake asubuhi, mstarini, baada ya wimbo wa taifa, nilipita mbele kabla ya mwalimu wa zamu. Nikasema kura za jana nilizitaja kinyume. Nikasema si kosa la kuhesabu, nilijua. Nikamtaja Kabula. Nikasema aliyegundua ni Oresta. Hakuna aliyepiga makofi. Watoto mia tatu na ushee walinitazama tu, na wale wa darasa la kwanza walikuwa hawajaelewa, wanavutana masweta. Kabula alitazama chini. Sijui nimempa haki yake au nimemwongezea mzigo. Hilo linanisumbua zaidi ya hii barua.

Mwalimu Mkuu hakunikaripia. Aliniambia tu, "Umeniacha peke yangu pale mbele," na kweli nilimwacha. Mchana akaniletea barua. Jumatatu kamati itakaa. Baba yake Oresta atakuwepo, na safari hii wameitwa pia watu wa bondeni. Beji iko ndani ya droo. Kuna wanaosema uchaguzi ufutwe, kuna wanaosema mimi ndiye nifutwe. Oresta amekuja shule na alama mkononi, nilipomuuliza akasema ameanguka. Tangu juzi anakaa dawati moja na Kabula. Hakuna mwalimu aliyewapanga.

Mwalimu, nakukosa. Nakukosa ofisini, nakukosa mstarini, nakukosa kwenye njia ya kurudi nyumbani pale ulipokuwa ukinisindikiza nusu, ukisema nusu nyingine nijisindikize. Ungekuwepo nisingethubutu kuingia na ile ndoo ofisini. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba uadilifu wangu wote kumbe ulikuwa ni kukuogopa wewe. Sasa itabidi niwe nao bila wewe.

Kwa hiyo nakuahidi. Barua ya kujieleza nitaiandika nikimaliza hii, na itakuwa fupi. Nitasema nilichofanya na kwa nini nilikifanya, na neno Wampembe nitaliandika humo humo. Wakinipeleka, nitakwenda na mama na wanangu, na kule ziwani pia kuna watoto, na ndoo hazikosekani. Ila kabla ya lolote Jumatatu nitaomba jambo moja: punje zote, za ndoo ya kwanza na ya pili, zihesabiwe upya uwanjani, kwa sauti, mbele ya kamati na wazazi wa bondeni na watoto wote. Nimezitunza hapa nyumbani, chini ya kitanda changu, na nimewakataza wanangu wasiziguse.

Lala salama, Mwalimu wangu. Nikipata nafasi nitapita Izia nipande maua mengine, yale ambayo mbuzi hawayapendi.

Makande ya mwaka huu bado hayajapikwa. Watoto wananiuliza kila siku. Nimewaambia yatapikwa yakishahesabiwa, na sahani ya kwanza wataila wawili, Kabula na Oresta. Maharage yakikaa sana huwa magumu kuiva, ulikuwa unasema. Nimeshatafuta kuni za kutosha.

Mwanafunzi wako,
Felista