Asubuhi Uliposema Hakuna Kinachokuzuia

Kaka Okoth,

Watu huanza barua kwa kujuliana hali. Wewe siwezi kukuuliza hali, kwa hivyo naanza na ugomvi, ambao tangu utoto wetu pale nyumba za reli, Nakuru, ndio ulikuwa mazungumzo yetu ya kawaida. Nimekukasirikia. Mwaka mzima huu wa 2008 nimekukasirikia, na ninaofanya nao kazi wameshazoea kuniona nikiinuka ghafla kwenda kunawa uso.

Naiandika barua hii wazi, aisome atakaye. Waliokuua wanajulikana kwa ujumla wao: ni vijana wenye mapanga wa mwisho wa Januari, walioamua kwamba mtu mwenye jina la Kijaluo kama letu hana haki ya kupanga chumba Naivasha. Hao Mungu anawajua. Lakini kuna jambo jingine lililokuua, nalo lilianzia kwenye ofisi yetu ndogo juu ya duka la vipuri, mahali ambapo hakuna aliyewahi kushika hata rungu. Hilo ndilo sijaona mtu akiliandika.

Wewe ndiwe uliyetuletea Scrum. Ulikuwa ukishinda saiba, kwenye intaneti ya kulipia, ukisoma mambo ya Wazungu wanaotengeneza programu za kompyuta, halafu jioni unanichorea kwenye karatasi ya mkate. Kazi inakatwa vipande vidogo. Kila baada ya wiki mbili kipande kimoja kinakamilika, na mwenye kukihitaji anakiona kwa macho yake, haambiwi hadithi. Na kila asubuhi timu inasimama kidogo tu, kila mmoja aseme alichofanya jana, atakachofanya leo, na kinachomzuia.

"Hayo mawili ya kwanza hata kwa ukuta yanaonekana," uliniambia. "Hii ya tatu ndio kusema, jamani, nisaidieni. Bila hiyo, afadhali mtu akae kwa kiti chake afanye kazi."

Nilikucheka. Nilikwambia umeokoka, umepata dini ya kompyuta. Lakini nilikuamini, kwa sababu nilikuwa nimekuona ukiitenda.

Unakumbuka Mai Mahiu? Bwana Dhillon, yule mzee wa Kisikh mwenye malori ya baridi yanayobeba maua kutoka Naivasha hadi uwanja wa ndege, alitaka kujua kila lori liko wapi na maua yana joto gani. Wenzetu walitaka kukaa Nakuru waandike mfumo mzima, wampelekee ukiwa tayari. Ukakataa. Ukanichukua mimi, mpimaji wa programu ambaye hata lori sikuwahi kupanda, tukashuka hadi pale malori yanapoegeshwa chini ya mteremko. Ukamwonyesha dereva simu yenye maswali tuliyotaka ayajibu kila anaposimama. Akaisukuma kando ya sahani yake ya matumbo.

"Boss, mimi nikifika hapa nataka chai. Hii yote ya kubonyeza utafanya wewe?"

Ulifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Siku ile ile tukayafuta maswali, tukabakisha namba moja ya kubonyeza, na kufikia wiki iliyofuata madereva walikuwa wanaitumia bila kubembelezwa. Bwana Dhillon alikuja kuona kipande hicho, akaleta kachori, akakaa nasi mchana kutwa akifuta kwenye orodha vitu ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amevitaka. "Hii hapana. Hii hapana. Hii mimi nilisema? Basi nilikuwa na homa." Tulicheka mpaka mwenye duka la chini akagonga dari kwa ufagio. Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda mwezi ule.

Kisha mkurugenzi akaona Scrum ni kitu kizuri, na kitu kizuri lazima kipate mkubwa. Sila, mwenzetu wa ofisini, akapelekwa Nairobi kwa mafunzo ya siku chache, akarudi na cheti, akakitundika ukutani. Tangu siku hiyo akawa Scrum Master, yaani wa kuiondolea timu vikwazo, na ile "Master" akaielewa vile mwalimu mkuu wa shule ya bweni angeielewa.

Sila hakuwa mtu mbaya. Naandika hili kwa shingo upande, lakini ni kweli. Alikuwa mtu aliyepewa kazi ya kuhudumia akadhani amepewa kazi ya kusimamia, na wako wengi. Asubuhi tulisimama, yeye akiwa amekaa na kikombe chake cha chai, akiita majina. "Hii ni mkutano ama paredi?" ulininong'oneza, nikauma mdomo nisicheke. Tukaacha kuambiana, tukawa tunamwambia yeye. Tulipokadiria ukubwa wa kazi, akachukua makadirio yetu akayafanya kiapo. Aliyemaliza vipande vingi alinunuliwa nyama choma Ijumaa. Basi watu wakajifunza kukata kazi nyembamba nyembamba kama sukuma wiki, ili zihesabike nyingi. Na kile kikao cha mwisho wa wiki mbili cha kuulizana tumejikwaa wapi, alikifuta. Alisema hicho ni cha kulaumiana, na sisi tuko mbele.

Halafu vikaja vile vikaratasi vyekundu.

Wewe ulikuwa umetufundisha kwamba mtu akitaja kinachomzuia, kinaandikwa kwenye karatasi nyekundu na kubandikwa ubaoni, na karatasi hiyo ni mzigo wa Scrum Master mpaka akiondoe kizuizi chenyewe. Sila alizibandika karatasi kando ya jina la aliyesema. Chebet wa timu yetu alikuwa wa kwanza. Alisema mtoto wake amelazwa na hatamaliza kipande chake. Karatasi nyekundu ikakaa kwenye jina lake mpaka mtoto akatoka hospitali, na kila mgeni aliyeingia ofisini akauliza, huyu Chebet ana nini? Baada ya hapo, kaka, ungeingia ofisini kwetu asubuhi ungedhani sisi ndio watu wenye bahati kuliko wote Kenya nzima. Hakuna kinachonizuia. Hakuna kinachonizuia. Tulizunguka meza hivyo kama watu wanaoitikia sala.

Ulimwendea Sila. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia sote.

"Sila, hiyo karatasi si ya Chebet. Ni yako. Wewe ndio unafaa kuibeba."

"Okoth, unataka kunifunza kazi na certificate iko kwa ukuta?"

Wiki hiyo hiyo ukaambiwa uhamie Naivasha, ukafunge mfumo kwenye ghala la Bwana Dhillon. Waliiita heshima. Ukapanga chumba mtaa wa Kihoto, na kila asubuhi ukawa unasimama nasi kwa simu, iliyowekwa katikati ya meza, spika juu. Mtandao ulipokatika kule ukasema umekuzuia, kwa uaminifu wako ule ule. Siku hiyo jina lako nalo likapata karatasi nyekundu. Nilikupigia jioni kukwambia, ukasema, "Sawa. Nimeelewa." Nilitaka uje juu, utukane, useme utaacha kazi. Wewe ukaelewa, na kuanzia kesho yake ukawa unasema kama sisi.

Uchaguzi wa Desemba ukapita, watu wakaanza kuuana kwa makabila, na unajua yaliyofuata, hukukosa hata moja. Januari kazi haikusimama, kwa sababu maua ya Februari hayangojei serikali. Sila alikuwa ameahidi kwamba kipande cha ghalani kitaonyeshwa Jumatatu. Hakutuuliza kama kinawezekana. Aliahidi, nasi tukawa tumeahidi.

Asubuhi ile ya mwisho, Ijumaa, sauti yako ilikuwa imekauka. "Jana nimemaliza upande wa mizani. Leo nafunza wapakiaji. Hakuna kitu inanizuia."

"Safi," akasema Sila. "Hiyo ndio spirit."

Nikainama kwenye simu. "Okoth, huko kukoje?"

"Hiyo mtaongea baadaye," akanikata Sila. "Hapa tunaongea kazi."

Nawe, badala ya kumwambia Sila akojoe akalale, ukaniita dada kwa Kijaluo, "Kuko sawa, nyamera." Simu ikakatwa. Mchana nilizunguka mji mzima nikitafuta kadi ya kuongeza salio. Maduka yalikuwa yamefungwa, na waliokuwa nazo walikuwa wamekwisha kuziuza. Nilikubipu. Hukupiga.

Tulichojua baadaye alituambia yule mama wa kioski kando ya ploti yako, aliyekuwa akikuuzia maziwa. Yeye ni wa kabila la hao hao vijana, na alilia zaidi ya baadhi ya ndugu zetu. Alisema karatasi zilikuwa zimerushwa chini ya milango yenu, zikiwaambia mhame. Alisema alikuja kwako. "Nilimwambia huyu kijana, toka leo, hawa watu hawachezi. Akaniambia, mathe, nitaenda Jumatatu jioni, kuna kitu naonyesha mzee asubuhi." Akakuomba tena. Ukamshukuru, ukalipia maziwa, ukaenda kufunza wapakiaji. Jumapili wakaja. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilikutambua mochari kwa sweta niliyokufumia mwenyewe, na hilo linatosha.

Bwana Dhillon alikuja mochari pia, mzee mzima, akasimama nje akishika ukuta. Aliponiona aliniita beti, yaani binti yangu, kama alivyoniita siku zote. "Beti, hiyo Ijumaa lori yangu imerudi Nakuru tupu. Tupu kabisa. Imepita hapo karibu. Kwa nini yeye hakusema? Mimi naonyeshwa Jumatatu, naonyeshwa mwaka ujao, mimi nina haraka gani?"

Hakuwa na haraka. Mtu tuliyekuwa tunamwahidi hakuwa na haraka! Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu Sila alikuwa ameshamzuia asije tena kukaa nasi, akisema mteja anavuruga timu.

Najua Nakuru hakukuwa salama pia. Siku ulipouawa mimi na Chebet tulikuwa tumelala sakafuni kanisani, kila mmoja akiogopa watu tofauti. Lakini ungekuwa kwenye ile sakafu. Ungekuwa unalalamika kuhusu mgongo wako. Ni hilo tu ninalotaka, sitaki jambo kubwa.

Sila naye alikuja matangani, akanishika mkono na macho mekundu, akasema, "Angesema tu." Kaka, nilimwachia maneno ambayo Mama hajui kama nayajua. Angesema! Angemwambia nani? Tulikuwa na mahali pamoja pa kusemea, kila asubuhi ya Mungu, mahali palipotengenezwa kwa ajili hiyo na si kwa jingine lolote, na yeye ndiye aliyepageuza mahali pa kuogopa. Alilia. Nilimwacha alie, sikumfuta machozi.

Lakini baada ya kumtukana Sila nilibaki na wewe, na ndiyo maana nasema nimekukasirikia. Wewe ulijua. Sisi wengine tulikuwa tunaiga. Wewe ulikuwa umeisoma, umeielewa, umegombana na mkubwa kwa ajili ya Chebet. Kwa mtoto wa mwenzako ulisimama kidete, na kwa shingo yako mwenyewe ukaogopa kikaratasi. Ama hukuogopa, ulichoka tu? Nimekuwazia hivi na vile, na kila usiku napata jibu tofauti.

Ofisi ile ilivunjika. Chebet alirudi kwao Eldoret. Mimi nimepata kazi kwa watu wengine hapa hapa mjini, timu ndogo, na wamenipa mimi mkutano wa asubuhi. Hakuna anayekaa kwenye kiti. Karatasi nyekundu ziko, na zinaandikwa jina langu. Naanza na lile swali la tatu, na mtu akiniambia hakuna kinachomzuia namuuliza amelala wapi. Mwanzoni waliniona kichaa. Sasa wananijibu, na majibu mengine ya mwaka huu hayana uhusiano wowote na kompyuta, na kazi inakwenda polepole, na mwenye kazi tumemwambia hivyo.

Limebaki la Mama.

Tulipokuzika kule nyumbani Siaya, wageni walipoondoka, aliniita ndani. Mguu wake ulikuwa umevimba kwa kusimama. Akaniuliza, "Mlikuwa mnaongea naye kila asubuhi. Hiyo ya mwisho alisema nini?" Nilimtazama, kaka, nikashindwa. Nilimwambia uliuliza hali ya mguu wake. Nikamwambia ulisema Pasaka ungempeleka hospitali kubwa.

Ameyashika maneno hayo. Kina mama wa kanisa wote wameshayasikia. Akiamka na maumivu anasema mwanawe alikufa akiuwaza mguu wake, na anapata nguvu za kwenda kisimani. Kila akinipigia simu ananiomba nimwambie tena ulivyosema, nami namwambia, na kila mara naongeza kidogo.

Jumapili nakwenda nyumbani. Nitamsomea barua hii kwa Kijaluo, sentensi moja moja, hadi hapa. Najua atausugua mguu wake. Kisha ataniuliza kama hukumtaja kabisa, nami nitamwambia, hapana Mama, hakukutaja, alisema kuko sawa.

Lala, Okoth.

Ni mimi, dada yako mdogo.